Mama Zao Wako Wapi? Mzazi Mkristo Mbele ya Filamu ya WALL-E

Mheshimiwa Mchungaji, wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili na wazazi wenzangu, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya filamu ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona pamoja na watoto wenu, na ambayo baadhi yenu mmeniambia wazi, bila kuficha, kwamba haikustahili kuonyeshwa katika ukumbi wa kanisa. Filamu yenyewe ni WALL-E, katuni iliyotengenezwa na Pixar na kuongozwa na Andrew Stanton, ikatoka mwezi Juni mwaka 2008. Huko Marekani iliwekwa katika daraja la filamu ambazo mtu wa umri wowote anaruhusiwa kuzitazama, na mwaka uliofuata ikatunukiwa Oscar ya filamu bora ya katuni. Daraja na tuzo nitaviacha hapo, kwa sababu havimsaidii mzazi kuamua. Nataka nianze na swali aliloniuliza mwanangu, kwa kuwa karibu kila nitakalosema jioni hii limetoka katika swali hilo.

Alikuwa na umri wa miaka mitano. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa na kazi ya kumaliza, nikamwekea filamu ili anyamaze. Nilikuwa nimesikia kwamba ni filamu ya familia, na maneno hayo yalinitosha. Baada ya saa moja hivi akaja, akanivuta mkono, akauliza: "Baba, wale watoto wa kwenye chombo, mama zao wako wapi?" Nikamjibu kwamba wamekwenda kazini. Akarudi mbele ya skrini, sijui kama aliridhika. Usiku, alipokwisha kulala, niliiwasha filamu mimi mwenyewe ili nijue alikuwa anauliza nini, na nikaona kwamba nilikuwa nimemjibu uongo. Mama zao hawakuwa kazini. Katika filamu ile hakuna mtu hata mmoja aliye kazini, na hakuna mama.

Kwa ajili ya wale ambao hawajaiona, hadithi ni hii. Mwanzoni mwa karne ya 22 dunia imejaa taka hata haikaliki tena. Kampuni moja kubwa iitwayo Buy n Large, ambayo imekwisha kumeza biashara zote na serikali pia, inawapakia watu katika vyombo vya anga na kuwaahidi matembezi ya miaka mitano, huku roboti wakibaki nyuma kusafisha. Miaka mitano inageuka kuwa mia saba. Tunapoingia katika hadithi, roboti wote wamekwisha kuharibika isipokuwa mmoja, WALL-E, ambaye kila asubuhi anaota jua ili apate nguvu, kisha anakwenda kuzoa taka, anazigandamiza tumboni mwake mpaka ziwe kama matofali, na kuyapanga matofali hayo kuwa minara inayozidi kimo cha maghorofa yaliyohamwa. Rafiki yake ni mende. Jioni anarudi katika lori bovu alilolifanya nyumba na kutazama kanda ya video ya filamu ya muziki ya mwaka 1969, Hello, Dolly!, na kila anapofika mahali mwanamume na mwanamke wanaposhikana mikono, yeye naye anaunganisha vidole vyake viwili vya chuma. Nusu saa ya kwanza inapita karibu bila neno. Siku moja anakuta mche mdogo ndani ya jokofu lililotupwa, anauweka katika buti kuukuu. Kisha anatua EVE, roboti mweupe aliyetumwa kutafuta dalili za uhai. Akiuona mche, anaupokea ndani ya kifua chake, anajifunga, ananyamaza, na hatimaye anarudishwa katika chombo kikuu kiitwacho Axiom, WALL-E akiwa amening'inia nje ya roketi ili asiachane naye.

Humo ndani ya Axiom ndimo walimo watoto wa swali la mwanangu.

Wanaonekana kwa sekunde chache tu, na mtu mzima anaweza kuwapita asiwaone, kwa sababu macho yake yanamfuata WALL-E. Wamepangwa katika chumba cheupe, wakiwa wachanga, kila mmoja katika kiti chake, na mbele yao yupo roboti mwalimu anayewafundisha herufi. A ni Axiom, nyumba yenu tamu. B ni Buy n Large, rafiki yenu mkubwa. Hakuna mkono unaowashika, hakuna kifua kinachowalaza. Filamu haituelezi wamezaliwaje, na mwanzoni nilidhani ni uzembe wa mtunzi, lakini nilipoitazama mara ya tatu niliacha kudhani hivyo. Mtunzi ambaye alichora hata vumbi la kila tofali la taka hakusahau mama. Amemwondoa makusudi, ili tuone ulimwengu ambao kila kitu kimerahisishwa mpaka kazi ya kulea nayo ikakabidhiwa mashine, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa kazi yake.

Ndugu zangu, mimi niliyekuwa natazama nilikuwa nimefanya jambo lile lile mchana wa siku ile. Nilimkabidhi mwanangu kwa skrini imfundishe, nikarudi kwenye skrini yangu. Sisemi hivi ili kujipigapiga kifua mbele yenu, wala simlaumu mama anayepika huku mtoto anatazama katuni, kwa maana kuna siku ambazo bila katuni nyumba haiendi. Nasema kwamba filamu ilinitaja kwa jina, nami nilikuwa nimeichagua ili initajie mtu mwingine.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya jina EVE, maana hapa lugha yetu inatunyima kitu. Mtoto asomaye Biblia ya Kiingereza analitambua jina hilo mara moja, kwa kuwa ndilo jina la mwanamke wa kwanza. Sisi tunamwita Hawa, kwa hiyo watoto wetu wanasikia tu sauti ya mashine, na mzazi asipowaambia hawatajua. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 3 mstari wa 20, kinaeleza kwamba Adamu alimpa mkewe jina hilo kwa sababu yeye ndiye mama wa wote walio hai. Mkiishika sababu hiyo na kurudi katika filamu, mtaona kilichofanyika. Roboti anayebeba jina la mama wa wote walio hai ndiye anayebeba kiumbe hai ndani ya mwili wake. Anaupokea mche, anaufunika, na tangu hapo kila kitu alicho nacho kinasimama kwa ajili ya kuulinda, huku taa ndogo ya kijani ikimulika kifuani. WALL-E asiyeelewa anamkinga na mvua kwa mwavuli na kumtunza siku baada ya siku, mfano wa baba mtarajiwa ambaye hana la kufanya ila kuwapo. Katika chombo chenye maelfu ya binadamu hakuna aliyebeba uhai. Aliyeubeba ni mashine. Hilo ndilo jibu ambalo ningempa mwanangu kama ningekuwa mkweli na kama angekuwa na umri wa kulielewa: umama umebaki, lakini wenyewe wameuacha, ukaokotwa na chuma.

Je, Mkristo akubali picha hiyo? Mimi naikubali kama fumbo na kuikataa kama fundisho. Mashine haina roho. Mungu hakumpulizia pumzi ya uhai mtu yeyote wa chuma, na mtoto anayelia WALL-E anapopondwa anahitaji kuambiwa hivyo kwa upole, pengine kesho yake, machozi yakikauka. Lakini Bwana Yesu mwenyewe alisema kwamba hao wakinyamaza, mawe yatapiga kelele, na hakuna aliyedhani alikuwa anafundisha kwamba mawe yana koo. Ninaitazama EVE kwa jicho hilo. Ni jiwe linalopiga kelele kwa sababu waliopaswa kusema wamekaa kimya vitini.

Na kukaa kwenyewe tukuangalie. Abiria wa Axiom hawasimami kamwe. Wanabebwa na viti vinavyoelea, chakula chao wanakinyonya kwa mrija, na skrini iliyo mbele ya uso wa kila mmoja haizimwi, hata watu wawili walio bega kwa bega wanazungumza kupitia skrini. Yupo mwanamke aitwaye Mary ambaye skrini yake inazimika kwa ajali WALL-E anapompita. Anashtuka, anatazama pande zote, na kwa mara ya kwanza anagundua kwamba chombo alichozaliwa ndani yake kina bwawa la kuogelea. Nilicheka nilipoiona sehemu hiyo, kisha nikakumbuka Kumbukumbu la Torati sura ya 6, yale maneno tunayosomewa kila mtoto anapowekwa wakfu, kwamba uwafundishe watoto wako kwa bidii "na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo". Kuna mambo manne pale: kuketi, kutembea, kulala na kuondoka. Abiria wa Axiom wamebakiwa na kuketi na kulala. Musa alihitaji njia, kwa maana kuna mazungumzo ambayo mtoto hawezi kuyaanzisha mpaka muwe mnatembea naye, macho yote yakiwa mbele, miguu ikiwa na shughuli.

Hapa niweke angalizo ambalo sikulisikia kwa watu walioisifu filamu hii. Abiria wote ni wanene sana, na filamu inawafanya wachekeshe. Ni kweli kwamba inatoa sababu nyingine pia, kupungua kwa mifupa kutokana na kukaa muda mrefu mahali penye mvuto hafifu, jambo ambalo kwa wanaanga halisi ni tatizo la kweli, kwa kuwa mifupa inayobeba uzito wa mwili hupoteza takriban asilimia 1 ya uimara wake kwa kila mwezi wanaokaa angani. Lakini mtoto wa miaka sita hasikii habari ya mifupa. Anaona mtu mnene ameanguka kitini, hawezi kuinuka, na anasikia ukumbi ukicheka. Kesho yake shuleni yupo mwenzake mnene. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu hata ukiwa mzito, na mzazi asiposema neno mahali hapo, filamu itakuwa imemfundisha mwanawe dhihaka kwa njia ya mlango wa nyuma. Kwa haki niseme kwamba watu hao hao, filamu ikiendelea, wanapewa heshima. Hakuna aliye mbaya miongoni mwao, na wanapoamka ni wepesi wa kusaidiana.

Wapo waliopinga kwa sababu nyingine, iliyo nzito zaidi, na mmoja wao ni mzee wangu niliyemheshimu tangu nikiwa kijana. Alisema: mwisho wa dunia ni wa Mungu, umeandikwa, na si jambo la kuchezewa katika katuni, tena Petro katika waraka wake wa pili, sura ya 3, amesema kwamba nchi na kazi zilizomo zitateketea, basi kwa nini tuwalilie watoto wetu habari ya mche mmoja?

Nimelitafakari neno lake kwa muda mrefu. Filamu za aina hii, zinazosimulia maisha baada ya maangamizi, Wazungu wanaziita kwa jina lililotokana na neno la Kigiriki apokalypsis, na kwao siku hizi neno hilo lina maana ya moto, vifusi na watu wanaokimbia. Watafsiri wa Biblia yetu walilitafsiri kwa usahihi: Ufunuo. Ni kufunua, kuondoa kifuniko ili kilichokuwapo siku zote kionekane. Kwa hiyo swali langu kwa kila filamu ya namna hii ni kwamba imefunua nini. Filamu nyingi za maangamizi zinafunua damu tu, na hizo siziingizi nyumbani kwangu. Hii imefunua kwamba dunia haikuangamizwa na kimondo wala na vita. Iliangamizwa na ununuzi wa kila siku, wa watu wa kawaida kama sisi, ambao hawakumchukia mtu yeyote. Ufunuo wa Yohana nao, katika sura ya 18, ukieleza anguko la Babeli, unaweka orodha ndefu ya bidhaa ambazo wafanyabiashara wanazililia, dhahabu, fedha, kitani, hariri, na unaimalizia orodha hiyo kwa miili na roho za wanadamu. Yohana na mchora katuni hawalingani, nami siwalinganishi, ila wote wawili wanaitazama soko na kuuliza mwisho wake.

Na kuhusu kuteketea: Petro anasema kazi zitateketea, lakini hakumpa mtu yeyote kiberiti. Amri tuliyo nayo mkononi ni ile ya Mwanzo 2:15, kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ya Edeni "ailime na kuitunza", na sijaona mahali ilipofutwa. Stanton mwenyewe, ambaye amesema hadharani kwamba ni Mkristo, ameeleza kwamba hakukusudia kuhubiri habari za mazingira. Alianza na wazo la roboti wa mwisho duniani ambaye watu walisahau kumzima. Namwamini. Filamu yake ni ya upweke kwanza, taka baadaye. Si vema huyo mtu awe peke yake, Mungu alisema kabla dhambi haijaingia bado, wakati bustani ilikuwa safi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya nahodha wa Axiom. Ni mtu mwema, mvivu, ambaye kazi yake yote ni kutoa tangazo la asubuhi. WALL-E anampa mkono, na mkononi mwa nahodha panabaki uchafu kidogo. Anautazama, hajui ni kitu gani, anaupeleka kwenye kompyuta uchunguzwe, na kompyuta inamjibu kwamba ni udongo. Kuanzia hapo hapati usingizi. Anauliza dunia ni nini, bahari ni nini, kulima ni nini, kucheza ngoma ni nini, jibu moja likizaa swali jingine mpaka usiku unakwisha. Sisi tunaitwa wanadamu, watoto wa Adamu, na Adamu katika Kiebrania ni jina linalotoka katika neno la ardhi. Huyu ni mwanadamu ambaye hajapata kuuona udongo alioumbwa kwao, na chembe moja mkononi inamrudishia ukoo wake. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mavumbi, karibu yote kwenye mazishi. Sikuwahi kuyasikia kama habari njema mpaka nilipoitazama sehemu hiyo.

Adui wake ni usukani. Auto ni mashine inayoongoza chombo, na mwaka 2110 mkuu wa Buy n Large aliituma amri ya siri iitwayo A113 kwamba binadamu wasirudishwe duniani kamwe, kwa sababu usafishaji umeshindikana. Karne zinapita, mche unaletwa, ushahidi upo mezani, lakini amri ni amri, na Auto inaitii mpaka kutaka kuuangamiza mche. Nawaambia wazazi wenzangu, sisi tunaopenda sana kuimba "watoto, watiini wazazi wenu", kwamba katika filamu hii mwenye utii kamili ni mashine mbaya. Nilisumbuka. Kisha nikakumbuka jinsi Mafarisayo walivyosimama shambani na kulalamikia wanafunzi waliovunja masuke, na Bwana akawajibu kwamba sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato. Auto ilijua amri na haikumjua aliyewekewa amri. Nahodha anapobishana nayo, na mashine ikamweleza kwamba wakikaa angani watanusurika, anasema kwamba hataki kunusurika, anataka kuishi. Baadaye anashuka kitini, anasimama kwa miguu yake miwili inayotetemeka, na kwenda kuizima kwa mkono. Mwanangu huwa anasimama naye.

Sasa niseme ninachokikosa, maana nisiposema mtadhani nimeibatiza filamu.

Mungu hatajwi. Hilo peke yake halinitishi. Hata kitabu cha Esta hakilitaji jina lake, na bado tunaiona mikono yake kila ukurasa. Ninachokikosa ni dhambi. Wengi wamesema kwamba Axiom ni safina na EVE ni njiwa anayerudi na jani bichi la mzeituni, na mfano huo unakubalika mpaka mlango unapofunguliwa. Nuhu alipotoka, jambo lake la kwanza lilikuwa kumjengea Bwana madhabahu, na Mungu akasema hataiangamiza tena nchi, huku akikiri katika pumzi hiyo hiyo kwamba mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Kisha Nuhu akapanda shamba la mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi hemani. Mwandishi wa Mwanzo hakutuficha. Gharika iliisafisha nchi, na moyo ukatoka ndani ya safina vile vile ulivyoingia. Katika filamu, abiria wanashuka, wanaupanda mche, na michoro inayofuatana na majina ya watengenezaji, ambayo naomba msiondoke kabla ya kuitazama, inaonyesha historia ya binadamu ikianza upya kwa mitindo ya sanaa, kuanzia michoro ya mapangoni, kupitia Misri na Wagiriki, hadi rangi nzito za mtindo wa Van Gogh, watu na roboti wakilima, wakichimba visima, wakivua samaki. Ni mizuri kupita maelezo. Lakini hakuna Kaini. Hakuna anayemwonea jirani yake wivu kwa ajili ya kisima. Waliofanya dunia kuwa jaa walikuwa kizazi kingine, kana kwamba uchoyo ulizeeka na kufa angani.

Mwanangu sasa ana miaka tisa, na mwezi uliopita tulipoitazama tena nilimuuliza, michoro ile ilipokwisha, iwapo anadhani taka zitarudi. Alifikiri, akasema: "Zitarudi, lakini sasa kuna watu wa kuzizoa." Sikuongeza neno, ingawa nilikuwa na Warumi sura ya 8 tayari mdomoni.

Kuhusu mambo ya kawaida ambayo mzazi hupenda kuyajua: filamu ina urefu wa dakika 98, haina matusi wala utupu, na mabusu yake ni cheche ya umeme kati ya roboti wawili na vipande vya ile kanda ya zamani. EVE hufyatua mionzi bila kufikiri anapotua, na dhoruba ya vumbi huwaogofya wadogo. WALL-E kupondwa, na zaidi ya hapo kuamka bila kumkumbuka EVE, ndiko kunakowaliza. Mtoto wa chini ya miaka minne atachoshwa na ukimya wa mwanzo. Mkalisheni mapajani, si mbele yenu.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo tunalotaka kulitazama sasa. Nilisema hakuna mama katika filamu. Karibu na mwisho, Auto inakiinamisha chombo kwa nguvu, na abiria wote wanaporomoka upande mmoja, wakirundikana kama magunia. Wale watoto wachanga wa chumba cheupe nao wanateleza kutoka juu, wamekaa vile vile, hawajui hata kulia. Chini yao wapo Mary na John, watu wawili waliofahamiana siku ile ile kwa sababu skrini zao zilizimika. Mmoja anamwambia mwenzake ajiandae kupata watoto. Wananyoosha mikono, wanashikana, wanawadaka wote. Mwaka ule wa kwanza mwanangu alikuwa amekwisha kuondoka mbele ya skrini ilipofika sehemu hiyo, amekuja kunivuta mkono.

Ndugu unayeshughulikia mitambo, tuonyeshe kuanzia pale chombo kinapoanza kuinama. Watoto wamekaa wote safu za mbele. Mzazi ambaye mwanawe yuko huko anaweza kusogea akaketi naye kabla hatujazima taa.